Mandhari Yenye Jina: Picha za Mbao za Japani na Pwani ya Wabajuni

Mwanafunzi anapoulizwa katika mtihani aeleze mandhari ya riwaya, aghalabu hujibu kwa sentensi mbili. Ataandika kuwa hadithi inatokea mjini au kijijini, wakati wa ukoloni au baada ya uhuru, kisha atakimbilia wahusika na maudhui, kwa kuwa huko ndiko anakojua kuna alama. Hatumlaumu. Sisi walimu ndio tuliomfundisha kuyaona mandhari kama pazia lililotundikwa nyuma ya jukwaa. Lakini katika mazungumzo ya kawaida neno hilohilo lina uzito mwingine. Mtu akisema mandhari ya Lamu yanapendeza, hazungumzii pazia. Anazungumzia kitu ambacho jicho limekitafuta na kukipata. Istilahi imeinyima lugha nusu ya neno lake.

Katika makala haya tunakusudia kuzitazama picha za mandhari za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, na kuzitazama tukiwa tumesimama upande wetu wa Bahari ya Hindi, hasa pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni. Msomaji huenda akauliza: Japani na Koyama wapi na wapi? Swali ni la haki. Hatudai kuwa kuna udugu wa kihistoria baina ya sanaa hizi, wala hatudai kuwa Wabajuni walichapa picha, kwani hawakuchapa. Tunachodai ni kwamba picha hizi zinatufundisha kuuliza swali ambalo hatujaliuliza kuhusu fasihi yetu wenyewe: mahali panapataje jina, na jina linabeba nini pale mahali penyewe panapotoweka?

Tuanze na historia, kwa kifupi. Picha hizi Wajapani huziita ukiyo-e, yaani picha za dunia inayoelea, dunia ya anasa ipitayo. Katika karne ya 17, wakati wa Hishikawa Moronobu (aliyefariki mwaka 1694), zilichapwa kwa wino mweusi tu. Mwaka 1765, katika kazi za Suzuki Harunobu, uchapaji wa rangi nyingi ulikamilika, kila rangi ikiwa na kibao chake. Kwa muda mrefu waliochorwa walikuwa waigizaji, wanamieleka na wanawake wa mitaa ya starehe. Milima na bahari vilikuwapo, lakini nyuma yao. Kwa maneno mengine, mandhari yalikuwa vilevile kama yalivyo katika karatasi ya mtihani ya mwanafunzi wetu.

Mabadiliko yalikuja karibu na mwaka 1830. Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760 na hivyo akiwa mzee wa takriban miaka 70, alianza kutoa mfululizo wa Maono Thelathini na Sita ya Mlima Fuji. (Zilipopendwa akaongeza 10, zikawa 46, na jina halikubadilishwa.) Miaka michache baadaye, mwaka 1833 na 1834, Utagawa Hiroshige alitoa picha za Vituo Hamsini na Tatu vya Tokaido, njia kuu ya kutoka Edo, ambayo leo ni Tokyo, hadi Kyoto, safari ya kilomita zipatazo 500. Watu wamo katika picha hizi, lakini wamekuwa wadogo. Wanaikimbia mvua, wanavuta mizigo, wanashika kofia zisipeperushwe na upepo. Mandhari yenyewe yamekuwa mhusika mkuu.

Kwa nini wakati ule? Wahakiki wa sanaa hupenda kutaja kipaji cha Hokusai, na kipaji hakina shaka. Hata hivyo, kulikuwa na mambo mengine ya kawaida zaidi. Kulikuwa na barabara na watu walioipita, wakiwemo mahujaji na watawala wa mikoa waliolazimika kwenda na kurudi Edo na misafara yao. Kulikuwa na buluu mpya, ile ya Prussia, iliyoingia kupitia bandari ya Nagasaki na kushuka bei. Buluu hii haikupauka upesi kama zile za mimea, na bila yake ni vigumu kuifikiria bahari ya Hokusai. Na kulikuwa na mwenye duka. Picha moja haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchoraji alichora kwa brashi juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliigandisha karatasi hiyo kifudifudi juu ya kibao cha mcheri wa milimani na kuchonga akiacha mistari imeinuka. Mchapaji alipaka rangi ya maji kwa brashi, akalaza karatasi akiilinganisha na alama mbili zilizochongwa pembeni, kisha akaisugua mgongoni kwa mkono, bila mashine. Na juu ya wote hawa alikaa mchapishaji, aliyetoa fedha na kuamua nini kitauzika. Edo tangu karne ya 18 ilikuwa na watu wanaokaribia au kuzidi milioni moja, na picha iliuzwa kwa bei ya bakuli moja au mawili ya tambi. Hii haikuwa sanaa ya makasri.

Hapa ndipo tunapoweza kuugusa ule mjadala unaozuka kila tunapofundisha sanaa za pwani. Mwanafunzi huuliza kwa nini Waswahili, wachongaji mahiri wa milango, hawakuchora nchi yao. Jibu linalotolewa haraka ni dini. Jibu hili halitutoshi. Makatazo yanayotajwa yanahusu zaidi viumbe wenye roho, si mawimbi wala minazi. Tena kuta za kale zinatoa ushahidi mwingine: katika lipu ya majengo ya Gedi na Kilwa kuna vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwa ncha kali, na Margaret na Peter Garlake walivichunguza na kuandika juu yake mwaka 1964. Mkono wa kuchora ulikuwapo. Mbao zilikuwapo, na patasi pia. Kilichokosekana ni mwenye duka, karatasi ya bei nafuu na mji wa watu milioni moja wa kununua.

Mfano ulio wazi zaidi ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Wanafunzi wetu humjua kama mshairi na mnakili wa miswada, ambaye mikono yake iliwapelekea William Hichens, Alice Werner na Ernst Dammann sehemu kubwa ya yale tunayoyasoma leo kama tenzi za kale. Wachache hukumbuka kuwa alikuwa pia mchonga milango. Mtu huyu mmoja alikuwa na mwandiko wa mchoraji na patasi ya mchongaji. Huko Edo kazi hizo mbili zingekuwa za watu wawili wasioketi nyumba moja. Lakini wateja wake wa miswada walikuwa wageni wachache wenye vyuo vyao ng'ambo, na kila nakala iliandikwa upya kwa mkono. Tukisema Lamu ilikosa sanaa ya uchapaji kwa sababu ya ukosefu wa ustadi, tutakuwa tumemdhulumu Kijuma.

(Uchapaji wa vibao vya mbao, kwa hakika, ulitufikia kupitia nguo. Vitambaa vya Gujarati vilivyopigwa chapa vilivuka bahari hii kwa karne nyingi, na katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa khanga kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Msomaji atazame khanga kwa jicho la makala haya: ina pindo, ina jina, na uwanja wake wa kati unaitwa mji. Picha ya Hokusai nayo ina ukingo, na jina lake limeandikwa ndani ya kisanduku. Hatujui kama fundi wa Kijapani aliyechapa khanga aliwahi kuambiwa kuwa anachapa mji.)

Sasa tuisome picha moja. Wengi wameiona hata bila kujua jina lake. Tangu Julai 2024 imo nyuma ya noti ya yen 1,000. Ulimwengu huiita Wimbi Kuu, lakini jina lililoandikwa kwenye picha ni refu zaidi na linataja mahali: chini ya wimbi, nje ya pwani ya Kanagawa. Wahakiki wa Ulaya wameandika sana juu ya wimbi lenyewe, povu lake lenye makucha, na Mlima Fuji uliogeuka kilima kidogo ndani ya bonde la maji. Sisi tunapendekeza tuanze na vyombo. Ni mashua tatu nyembamba, za aina iliyotumiwa kukimbiza samaki wabichi hadi soko la Edo. Wapiga makasia wameinama, wamejilaza juu ya makasia yao. Omo zimeelekezwa kwenye wimbi, si mbali nalo. Mvuvi yeyote wa Chula au Kiunga ataona mara moja kuwa hawa si watu waliopotea. Ni watu wa kazi, wanafanya lile linalopaswa kufanywa, kwa kuwa chombo kikigeuza ubavu kimekwisha.

Kuna jambo la pili ambalo sisi tuna sababu ya kuliona. Mjapani wa wakati ule alisoma safu za maandishi kutoka kulia kwenda kushoto. Jicho lake lilianza na mashua zinazokuja kutoka kulia, kisha likakutana na wimbi, yaani lilisafiri pamoja na wavuvi. Jicho lililozoea hati ya Kilatini huanza kushoto; hupanda juu ya wimbi na kuwaangukia wavuvi. Ni picha ileile, lakini msomaji mmoja yumo ndani ya chombo na mwingine yumo ndani ya bahari. Babu zetu waliosoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu wangeisoma kutoka kulia. Wangekuwa ndani ya mashua.

Tulisema kuwa jina la picha linataja mahali. Jambo hili si dogo. Wajapani walikuwa na neno meisho, mahali penye jina, na asili yake imo katika ushairi. Karne nyingi kabla ya Hokusai, kulikuwa na mahali ambapo washairi walipataja tena na tena, kila pamoja na majira yake na hisia zake, hata mtu ambaye hajafika akawa anapajua. Mchoraji alirithi majina hayo. Maneno yalitangulia, picha ikafuata. Ndiyo maana Hiroshige aliweza kuchora hata mahali ambapo yamkini hakufika, akitegemea vitabu vya wasafiri. Na ndiyo maana aliweza kuinyeshea Kambara theluji nzito ingawa mji huo una hali ya hewa ya wastani na theluji ya namna ile huko ni nadra. Mhakiki anayeipima picha ya Kambara kwa kipimajoto amekosea chumba.

Tukirudi kwetu, tunaona kuwa pwani ya Wabajuni inayo ile nusu ya kwanza, nusu ya maneno. Kuanzia Kismayu kuelekea kusini-magharibi visiwa vimejipanga sambamba na bara: Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, hadi Ras Kamboni mpakani mwa Kenya. Ni visiwa vya matumbawe, vya chini, ambavyo msafiri asiye makini angevipita bila kuvitazama. Jina la Kismayu lenyewe wengi hulieleza kuwa ni kisima cha juu, na neno kisima katika nchi kavu kama ile ni shairi tosha. Wabajuni huitwa pia Watikuu, watu wa nti kuu. Na nti, kama wanafunzi wa lahaja za kaskazini wajuavyo, ni nchi. Watu hawa, wanaomwita mtu mchu, waliwafunga kamba samaki waitwao taza (chazo kwa Kiswahili sanifu) na kuwaachilia wakajigandishe kwenye kasa, kisha wakamvuta kasa. Vinigi Grottanelli, Mwitalia aliyewachunguza mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikipa kitabu chake cha mwaka 1955 jina la Wavuvi wa Bahari ya Hindi.

Nazo nyimbo zipo. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi huzitaja kila mwaka: kimai ni nyimbo za mabaharia na wavuvi, vave ni nyimbo za wakulima wa Kibajuni wanapofyeka na kuchoma mashamba. Mwanafunzi hukariri ufafanuzi huo na kuutapika. Hatujaona karatasi ya mtihani inayomuuliza ni mahali gani panapotajwa katika kimai, wala upepo gani unavuma. Kama zingekuwa nyimbo za Kijapani, kuna mtu angekuwa amekwishachora ramani ya majina yake.

Suala hili si la darasani tu. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, Wabajuni, ambao hawakuwa na koo zenye silaha za kuwalinda, walinyang'anywa vyombo na nyumba, na wengi wakakimbilia Kenya kwa mashua; kambi ya Jomvu karibu na Mombasa iliwapokea wengi wao kabla ya kufungwa katika muongo huohuo. Baadhi walifika Uingereza wakaomba hifadhi. Huko walikutana na uhakiki wa aina ambayo hatujawahi kuifundisha. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kuwa ni Mbajuni wa Somalia na si Mbajuni wa Kenya wala Mswahili mwingine, na uthibitisho ulikuwa lugha na mandhari. Aliulizwa majina ya visiwa na umbali baina yake, visima, misikiti. Sauti yake ilirekodiwa ikachambuliwa. Derek Nurse, ambaye wanafunzi wetu humjua kwa kitabu alichokiandika pamoja na Thomas Spear mwaka 1985 kuhusu historia ya Waswahili, ameandika kwa kirefu juu ya Wabajuni, nchi yao na lahaja yao, na maarifa ya aina hiyo yameingia katika kesi hizi.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya kutoelewa mandhari ni nini. Anayeuliza kutoka Chula hadi Kismayu ni kilomita ngapi anataka ramani. Lakini baharia hupima kwa upepo. Safari hiyo wakati wa kusi ni upepo wa tezi na ni fupi. Wakati wa kaskazi ni kupigana njia nzima. Mtu anayetoa majibu mawili tofauti kwa siku mbili anaweza kuonekana mwongo mbele ya mezani pa ofisa, na mbele ya nahodha akaonekana mtu anayejua anachosema. Binti aliyetoka kisiwani akiwa na miaka sita ana mandhari vilevile, ila yake ni ya kimo cha mtoto: ukuta mmoja, ngazi ya msikiti, harufu ya papa anayekaushwa. Hakuna swali katika dodoso linaloweza kuyapata hayo, na hatudhani kuwa fasihi inaweza kugeuzwa ushahidi wa mahakamani. Tunasema tu kuwa watu waliozoea kuhakiki maelezo ya mahali, yaani sisi, tulikuwa na la kusema na hatukulisema.

Wajapani nao wamepoteza mahali. Novemba 1855 tetemeko liliipiga Edo na kuiteketeza sehemu yake. Mwaka uliofuata Hiroshige alianza Maono Mia Moja ya Edo Yenye Jina, akaendelea hadi kifo chake mwaka 1858. Picha karibu zote zinaonyesha mji mzima, haukuguswa: madaraja yamesimama, mahekalu yamekamilika. Kuna wanaosema alikuwa anawauzia watu faraja. Huenda, maana mchapishaji alikuwapo. Lakini tazama ile mvua ya ghafla juu ya daraja la Ohashi, ya mwaka 1857, ambayo Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887. Mvua imechongwa kama nyuzi nyembamba nyeusi, mistari kwa mamia, na kila mstari ni mbao iliyoachwa imesimama baada ya pande zake zote kuondolewa. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa ajili ya faraja ya kuuza peke yake.

Karne iliyofuata Kawase Hasui, mchoraji wa mandhari katika wimbi jipya la uchapaji lililosimamiwa na mchapishaji Watanabe Shozaburo, alipoteza madaftari yake ya michoro katika tetemeko la mwaka 1923, na vibao vya Watanabe navyo viliungua. Hasui alifunga safari ndefu ya kuzunguka nchi, akachora upya. Tunaitaja habari hii kwa sababu ya tofauti iliyopo. Hasui aliweza kurudi alikotoka. Mzee wa Koyama anayeishi Mombasa au Birmingham, kwake yeye daftari ni kichwa chake, na mahali pa kurudi kuchora upya huenda pasiwepo au pasifikike.

Idara kadhaa za Kiswahili, ikiwemo hii yetu, zina wanafunzi wanaotoka Lamu, Malindi na Mombasa, na miongoni mwao wamo wenye nyanya na babu waliozaliwa visiwani. Kila mwaka tunawatuma wanafunzi wakusanye methali na vitendawili ambavyo tayari vimo vitabuni. Tunapendekeza mwaka huu sehemu ya kazi hiyo ya nyanjani iwe majina ya mahali ya pwani ya Kismayu, pamoja na kimai pale zinapokumbukwa, zirekodiwe kwa Kibajuni na zinakiliwe kwa Kibajuni, si kwa sanifu. Na mkusanyaji asianze kwa kuuliza kisiwa fulani kiko wapi. Amwulize mzee: ukitweka tanga kutoka Chula kwenda Kismayu, kusi iko tezini, ni kitu gani unachokiona kwanza, na mlikuwa mnakiitaje?